Enfirmye anayesomea afya ya watu wote: tumupe nafasi



Kuna maneno yanayozunguka siku hizi katika kambi na mbele ya dispanseri. Enfirmye fulani anasoma masomo ya juu kwa njia ya intaneti, tena hasomei kupasua wala kuzalisha: anasomea afya ya watu wote. Wengi wanacheka. Diploma ya telefone ni diploma gani? Wengine wanakasirika kabisa: sisi tumekaa kwenye benchi tangu saa 12 ya asubuhi, yeye anaandika mahesabu! Ninataka kusema nanyi juu ya jambo hili, maana ninaona munawahukumu vibaya watu munaowahitaji sana.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Enfirmye wa kila siku anapokea mugonjwa mumoja, anamupima, anamupa dawa, anamwita mwingine. Ni kazi kubwa, na mimi ndiyo ninayoifanya. Lakini yule aliyesomea afya ya watu wote anauliza swali lingine. Kwa nini watu wa mustari huu wa nyumba wanaharisha juma moja wote, na mustari wa pili hakuna hata mumoja? Kwa nini kikohozi kinatoka kila mara kwenye ekipi ile ile ya kutoboa mawe? Mugonjwa wake ni kambi nzima. Vyombo vyake ni daftari, karta ya muji, hesabu, na miguu ya kutembea mulango kwa mulango.

Hii si mambo ya vijana wa leo tu. Mwaka 1913 wenye migodi ya zahabu ya Afrika ya Kusini walimwita munganga wa Marekani, William Gorgas, yule aliyepiganisha homa ya manjano na malaria kule Panama wakati wa kuchimba mufereji. Pneumonia ilikuwa inawamaliza watumikaji wao. Jibu lake kubwa halikuwa sindano. Aliangalia mahali watu wanapolala, akaona wamebanwa kama samaki katika kopo, akashauri kila mutu apewe nafasi zaidi. Munganga aliyebaki ndani ya hospitali na kusikiliza vifua kimoja kimoja, chumba cha kulala angekionea wapi?

Na kwetu Kongo hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi wa 9 mwaka 2023, aina mupya ya mpox ilitambuliwa Kamituga, muji wa wachimba zahabu katika Kivu ya Kusini. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari ya dunia nzima. Kila mugonjwa mwenye malengelenge aliweza kupewa dawa peke yake. Lakini kujua ugonjwa unapita wapi, kulihitaji watu wa kuuliza: ulikuwa na nani, ulilala wapi, ulisafiri na gari gani? Muji wa migodi ni muji wa njia. Watu wanaingia na kutoka kila siku, na ugonjwa unapanda nao.

Sasa ninafika kwenye jambo linalonigusa zaidi, na ninawaomba mulisome polepole.

Mwaka 2020 wanganga wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kazi waliyoifanya katika maternite za muji wetu wa Lubumbashi. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Wakauliza wazazi habari nyingi za kazi na maisha yao. Jambo lililoonekana wazi ni hili: kati ya watoto wenye kilema, baba mwenye kazi ya migodi alipatikana mara nyingi zaidi. Ndiyo, baba.

Musiogope kupita kiasi. Hii haisemi kwamba kila baba wa mugodi atazaa mutoto mwenye kilema. Watoto hao ni wachache sana kati ya wote waliozaliwa. Wala kazi hiyo haikumaliza swali la njia, kama ni mavumbi yanayoingia katika mwili wa baba mwenyewe, au yale anayoyaleta nyumbani katika nguo na viatu, au yote mawili. Lakini angalieni namna jambo hili lilivyoonekana. Muzalishaji anaona mutoto mumoja leo, mwingine baada ya miezi mingi, katika maternite nyingine. Kila mama anaambiwa ni bahati mbaya. Nyumbani ni vibaya zaidi: anashitakiwa kwamba alikula kitu kibaya, au shangazi mumoja anaitwa mulozi na jamaa inavunjika. Mpaka mutu akae chini, akusanye watoto wote katika daftari moja, alinganishe. Hapo ndipo mama anaondolewa hatia ambayo haikuwa yake. Je, hesabu hiyo si dawa?

Basi masomo haya ya intaneti ni nini? Si kuangalia video tu. Wanafunzi wanajifunza namna ugonjwa unavyotembea kati ya watu, namna ya kuhesabu bila kujidanganya, namna ya kupanga feza ya chanjo na ya maji, namna ya kusema na mashefu mpaka wakubali. Kuna mitihani na kazi za kuandika. Na kwa masomo mengi ya uuguzi ya Marekani, somo linasikilizwa kwa intaneti lakini saa za mazoezi zinafanywa kwa miguu, mahali penye watu, chini ya macho ya mukubwa wa kazi. Kule Marekani, mwaka 2021, chama cha vyuo vyao vya uuguzi kiliweka afya ya watu wote kuwa eneo moja kati ya 10 ambayo kila enfirmye wa masomo ya juu anapaswa kuyajua. Si somo la pembeni tena.

Vijana wananiuliza kama wanaweza kuruka. Hapana. Mwenye A2 wa Institut Technique Médicale, kama mimi, haingii master moja kwa moja. Anapita kwanza masomo ya juu mpaka licence. Baada ya hapo milango iko. London School of Hygiene and Tropical Medicine inafundisha afya ya watu kwa mbali, na University of the Western Cape ya Afrika ya Kusini vilevile. Zote mbili zinafundisha kwa Kiingereza, basi muanze na lugha kabla ya kulipa hata franka moja. Na chuo kinachokuahidi master kwa miezi michache bila mutihani, ukimbie, kinauza karatasi. Kabla ya kujiandikisha, uliza ku Wizara ya masomo ya juu kama diploma ile itakubaliwa kwetu.

(Juu ya umeme sisemi. Aliyeandika mutihani wa saa mbili, umeme ukakatika katika dakika ya mwisho, anajua.)

Kwa kampuni nina ombi. Enfirmye anayesoma hivi asome saa fulani za juma ndani ya saa za kazi, na mazoezi yake ayafanye katika kambi zetu, juu ya magonjwa yetu. Naye atie sahihi kwamba atatumika hapa miaka kadhaa. Tukimuacha alipe peke yake na asome usiku baada ya posta, akimaliza atakwenda ku mashirika ya Kinshasa, na hatutakuwa na haki ya kulalamika. Ila nami nina shaka moja: asiyepata bado kulala macho na wagonjwa miaka michache, tusimutume. Atahesabu watu asiowajua.

Na ninyi wasomaji, siku moja atabisha mulango. Atauliza munalala wangapi chumbani, maji munateka wapi, baba akitoka mugodini anavua nguo za kazi wapi na nani anayezifua, pamoja na nguo za mutoto au mbali. Mama akimuuliza "haya yote ni ya nini?", ana haki, na enfirmye anapaswa kumujibu. Jina la mutu lisitoke katika daftari lile kwenda kwa shefu wa kazi. Hilo ni la lazima. Na hesabu ikimalizika irudi kwa waliohesabiwa: ibandikwe kwenye ukuta wa dispanseri, kwa Kiswahili, mahali benchi la wagonjwa lilipo, ili wanaongoja waisome.