KAZI ZA MIKONO: Waya wa Kutundikia Nguo

Usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutajwa sana na wazee, lakini katika nyumba nyingi za mjini husahauliwa, hasa henga ya waya inapopinda. Koti huhamishiwa henga mpya ya plastiki, na ile ya zamani hutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi.

Mtaa wa Huruma, upande wa mashariki ya Nairobi karibu na Mto Mathare, wafaa sana kwa kulitazama jambo hili. Nyumba za ghorofa zimesongamana, jamaa nyingi huishi katika chumba kimoja, na nguo hutundikwa ukutani kwa kuwa hapana nafasi ya kabati. Henga huletwa na nguo zitokazo kwa dobi, au hutoka kwa wachuuzi wa mitumba. Zikiisha kupinda, mzazi huona takataka, na mtoto huona gari.

Gari la waya lajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Huko Malawi huitwa galimoto. Mtoto hukata shingo ya henga kwa koleo, kisha huunyoosha waya kwa kuugongagonga juu ya ubao. Henga moja humpa waya wa yapata mita moja, wenye unene wa milimita mbili hivi. Kwanza hukunja kiunzi cha chini chenye pembe nne, kisha husimamisha nguzo za mwili na paa, na kila kiungo hukifunga kwa waya mwembamba au kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Magurudumu hukatwa katika ndara zilizochakaa, au huwa vifuniko vya makopo. Mwisho hutia fimbo ndefu ya waya itokayo kwenye ekseli ya mbele hadi kifuani pake, yenye duara la usukani juu. Akizungusha duara, magurudumu ya mbele hugeuka, naye hukimbia nyuma ya gari lake kama dereva wa basi.

Baba arudiye jioni, amechoka, akachomwa mguu na kipande cha waya kilichoachwa sakafuni, aweza kulikanyaga gari hilo na kumwamuru mwanawe ashike kitabu. Hasira yake ina sababu. Chumba ni kidogo, karo hupatikana kwa jasho, na hapana mzazi apendaye kumwona mtoto wake akiokota vitu jalalani. Lakini yafaa ajiulize mtoto huyo alikuwa akifanya nini. Alipima, maana ekseli mbili zisipolingana gari huenda kombo. Alijifunza kwamba chuma kikunjwapo mara nyingi mahali pamoja huwa kigumu, kisha hukatika. Alikosea, akafungua, akaanza tena. Somo la namna hii huandikwa katika vitabu, lakini hukaa zaidi katika vidole.

Hata wakubwa walichelewa kulitambua jambo hili. Mafundi wa Nairobi waliogonga mabati na kuunda majiko na masanduku nje, pasipo kivuli, waliitwa jua kali, na kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa watu wasio na kazi maalumu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya kazi na mapato katika Kenya, ikaonyesha kwamba kazi ndogo ndogo za namna hiyo ni riziki ya kweli ya watu wengi. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulitia mkazo katika kazi za mikono shuleni, na mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilitoa waraka rasmi juu ya biashara ndogo na jua kali. Leo wanyama wa waya na shanga huuzwa katika Soko la Wamaasai mjini Nairobi, na wageni huwanunua kwa furaha.

Haya hayamaanishi kwamba kila mtoto aundaye gari la waya atakuwa fundi, wala kwamba henga zitamtajirisha mtu. Faida ya kwanza ni ya nyumbani: ndoano za vikombe, kishikio cha sabuni kipitishacho maji, kijiti cha kuzibulia bomba la karo la kuoshea vyombo, au rafu ndogo ya viatu nyuma ya mlango.

Lakini waya huo una mipaka, na hapa ndipo mzazi apaswapo kuwa mkali. Usitumiwe kamwe badala ya fyuzi. Waya wa fyuzi ni mwembamba kwa makusudi, ili uyeyuke umeme uzidipo; waya wa henga hauyeyuki upesi, na nyaya zilizomo ukutani huweza kushika moto kwanza. Katika nyumba za ghorofa moto wa chumba kimoja ni msiba wa ngazi nzima. Kadhalika usiunganishwe na umeme kwa njia yoyote, hata kwa kutengeneza aeria. Wala usichomee mishikaki, maana henga nyingi hupakwa rangi, plastiki au zinki, vitu visivyofaa kuguswa na nyama motoni. Tena kila ncha ikunjwe ndani au ipigwe tupa, kwa kuwa jicho la mtoto halinunuliwi dukani.

Basi mzazi asikataze, bali atengeneze utaratibu. Atenge kopo moja la kuwekea waya, koleo moja, na saa moja baada ya masomo kumalizika; sakafu ifagiwe kabla ya chakula cha jioni. Baba akiketi na mwanawe jioni moja tu, akamshikia waya wakati mtoto akifunga kiungo, huenda akagundua kwamba mwanawe anajua jambo ambalo yeye halijui. Kumwuliza mtoto, "Umefanyaje hapa?" hakumpunguzii baba heshima, na mtoto aliyeulizwa hivyo hatasahau.