Mwalimu wa michezo amepima presha lini?

Saa 10:30 jioni, uwanja wa shule moja ya msingi huku kwenye delta ya Rufiji. Upande mmoja minazi, upande wa pili mikoko, katikati mchanga. Watoto wapatao 30 wanakimbiza mpira mmoja. Mwalimu wa michezo amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa mwembe, filimbi mdomoni, anapiga kelele za kuwapanga.

Sikwenda kwa ajili ya mpira. Nilikuwa nafuatilia habari ya chanjo, na boti ya kurudi Nyamisati ilikuwa inasubiri maji yajae. Nikakaa kutazama.

Mara wavulana wawili wakagongana na mmoja akabaki chini. Mwalimu aliinuka na kukimbia. Kutoka mwembeni hadi pale alipolala mtoto haikufika hatua 60. Alipofika hakuweza kusema neno. Aliinama, mikono magotini, anahema. Mtoto alikuwa ameshakaa mwenyewe, anajipangusa mchanga. Aliyeletewa maji ni mwalimu. Watoto walicheka, mwalimu naye akacheka, na mimi nikacheka.

Kicheko kiliniisha nikiwa kwenye boti. Nilianza kujiuliza: na kama yule mtoto asingeinuka?

Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alifunga bao, na dakika chache baadaye akaanguka uwanjani. Alifariki dunia. Ilikuwa mechi ya ligi ya vijana, mjini. Miaka minne na nusu baadaye, Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka katikati ya mechi jijini Copenhagen, moyo umesimama. Madaktari waliingia wakamkandamiza kifua pale pale na kuushtua moyo kwa mashine. Miezi michache baadaye alikuwa anacheza tena Ligi Kuu ya Uingereza.

Matukio haya mawili hayafanani kwa kila kitu, na mimi si daktari wa kusema nani angepona. Ila jambo moja halina ubishi: moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Katika dakika hizo, kwenye uwanja wa delta, hakuna mashine ya kushtua moyo. Hakuna gari la wagonjwa. Kuna boti, na boti inasubiri maji yajae. Kwa hiyo daktari, nesi na gari la wagonjwa wote ni mtu mmoja, yule mwenye filimbi.

Anachotakiwa kufanya si siri. Mtoto asiyeitika na asiyepumua kawaida analazwa chali mahali pagumu (mchanga laini unameza nguvu yote, kwa hiyo asogezwe kwenye udongo ulioshikana au kwenye ubao). Kifua kinakandamizwa katikati, kwa kina cha takriban sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akikimbilia zahanati. Kwa mtoto aliyetolewa majini, kupuliziwa pumzi mdomoni nako ni muhimu sana. Namna ya kufanya hivyo inafaa ufundishwe kwa mikono, usiisome tu gazetini.

Mimi nimefundishwa. Nilikandamiza mwanasesere wa mafunzo, na kwa umri wangu huu wa miaka 28, dakika ya pili jasho lilikuwa linanidondoka puani. Ndiyo maana wakufunzi husema watu wapokezane kila baada ya dakika 2, kwa sababu mikono ikichoka mikandamizo inalegea na damu haisukumwi tena. Sasa mfikirie mwalimu aliyeishiwa pumzi kwa hatua 60. Hata akiwa na ujuzi, mwili wake utamwangusha. Na mwenye pumzi asiye na ujuzi atabaki kummwagia mtoto maji usoni.

Nilirudi wiki iliyofuata kuzungumza naye. Ana miaka 47, anafundisha Hisabati. Michezo alipewa kwa sababu alipofika shuleni alisema aliwahi kucheza mpira chuoni. Hivyo ndivyo makocha wengi wa watoto wetu wanavyopatikana. Hajawahi kuhudhuria kozi hata moja, na si kwa uvivu. Shirikisho la soka, TFF, huendesha kozi za ukocha, kuanzia za msingi hadi leseni za CAF za daraja D, C, B na A. Serikali ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza. Lakini ukiwa delta, kozi inaanza na nauli ya boti, kisha bodaboda au gari hadi Kibiti, kisha basi, kisha mahali pa kulala, halafu ndiyo ada. Yote hayo kwa kazi ambayo haimwongezei senti kwenye mshahara.

"Mwandishi, hapa wazazi wananikumbuka UMITASHUMTA ikikaribia," aliniambia. "Wanachanga jezi. Mimi sijawahi kuchangiwa hata daftari."

Sikuwa na jibu. Jezi zinaonekana kwenye picha.

Nilimuuliza anafanya mazoezi gani. Akanyoosha kidole uwanjani: "Si haya, kila siku niko hapa." Nimelisikia jibu hili kwa makocha wengi, na hapo ndipo tunapodanganyana. Kusimama na kupiga filimbi si mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli inayomfanya apumue kwa kasi kidogo, kama kutembea haraka, na siku 2 za mazoezi ya nguvu. Kukaa chini ya mwembe hakumo. Kitambi nacho huku kwetu kimepewa heshima isiyo yake, mtu akinenepa anaambiwa ualimu umemkubali.

Mara nyingi presha haimwonyeshi mtu dalili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu, na wengi hawakuwa wakijua. Nigeria, Juni 2016, iliwapoteza ghafla makocha wawili wakubwa ndani ya wiki moja: Stephen Keshi, aliyekuwa na miaka 54 na aliyeipa nchi hiyo Kombe la Afrika mwaka 2013, na Shaibu Amodu. Hao walikuwa watu wa timu ya taifa, na hospitali hazikuwa mbali nao.

Lipo zoezi ambalo lingewafaa kocha na watoto kwa pamoja. Wataalamu wa FIFA walitengeneza utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, na upo wa watoto chini ya miaka 14. Wa wakubwa unachukua kama dakika 20 na hauhitaji vifaa: kukimbia taratibu, mazoezi ya tumbo na miguu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, kisha mbio fupi za kasi. Tafiti zimeonyesha kuwa timu zinazoufuata angalau mara 2 kwa wiki hupata majeraha machache, pungufu kwa takriban theluthi moja au zaidi. Kocha akiufanya pamoja na watoto, badala ya kuusimamia, siku 3 zinampa dakika 60. Akiongeza nusu saa ya kutembea kwa kasi mara 3 kwa wiki, ameshafika 150. Ila mwenye umri kama wa mwalimu wetu, au mwenye kuumwa kifua, aanzie zahanati kabla ya kuanza kukimbia.

Hapo mwalimu wa kike anayefundisha netiboli, aliyekuwa akitusikiliza, alicheka. "Mimi nikikimbia hapa na suruali, kesho naitwa ofisini." Alisema kwa utani, lakini ni kweli. Akitoka uwanjani anakwenda kuchota maji, kupika na kusahihisha madaftari. Ukimwambia atafute dakika 30 za kutembea atakuuliza utampikia nani. Suluhisho alilipata mwenyewe: anapasha mwili na wasichana wake nyuma ya madarasa, amevaa dera juu ya suruali, na hakuna anayemtazama. Kati ya wale wawili, ndiye aliyekuwa na pumzi.

Kwa upande wetu wazazi kuna mambo tunayaficha. Pwani hii ina watoto wenye sikoseli, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani. Mtoto huyu anaweza kucheza kwa kiasi, lakini anahitaji maji mara kwa mara, kupumzika akichoka, na asikimbizwe kwenye jua kali wala kupewa adhabu ya kuzunguka uwanja. Kocha atajuaje kama hujamwambia? Vivyo hivyo pumu, kifafa, mtoto aliyewahi kuzimia akikimbia, au familia ambayo kijana wake alifariki ghafla bila sababu kujulikana. Hili la kuzimia wakati wa kukimbia lisipuuzwe. Mtoto asirudi uwanjani kabla daktari hajamsikiliza moyo.

Na timu ikisafiri kwa boti kwenda mashindano ya kata, uliza jaketi okozi ziko ngapi na watoto wako wangapi. Ni swali la adabu kabisa, na kocha mzuri atafurahi umeliuliza mbele ya nahodha wa boti.

Kuhusu mafunzo, wazazi wa kijiji kile walikaa kikao baada ya Ijumaa moja. Mvutano ulikuwepo, wengine walitaka nyavu za magoli. Mwishowe walikubaliana kuchangia nauli ya walimu wawili, yule wa Hisabati na yule wa netiboli, wakati afisa michezo wa halmashauri akiulizia kozi ya karibu ya ukocha, na Chama cha Msalaba Mwekundu kuhusu mafunzo ya huduma ya kwanza. Walisema wawili ili mmoja akichoka kukandamiza, mwingine apokee. Niliyaeleza hayo ya kupokezana mara moja tu, na sikudhani kuna aliyesikia.

Mwalimu alikwenda zahanati Jumatatu. Kipimo kilisoma 158 kwa 96. Kiwango cha presha ya juu huanzia 140 kwa 90, lakini kipimo cha siku moja hakitoshi, hivyo nesi alimwambia apunguze chumvi, aache sigara, arudi apimwe tena. Tarehe aliyopangiwa ikaangukia siku ya fainali ya kata. Mwalimu aliomba isogezwe mbele.

"Fainali saa ngapi?" nesi akauliza.

"Saa 10 jioni."

"Basi njoo saa 2 asubuhi."