Gari la Fahari Lachemsha, Fundi Atukanwa

Twaandika habari hii kwa sababu tumechoka kusikia mafundi wakitukanwa kwa makosa yasiyo yao. Ndugu mmoja hununua gari kubwa la fahari, la viti vya ngozi, lililokwisha kutumika miaka mingi Japani au Uingereza. Baada ya miezi mitatu lachemsha njiani, hedi yapinda, oili yachanganyika na maji, na anayebebeshwa lawama ni fundi wa chini ya mwembe. Huitwa mwizi, huitwa mjinga, na mara nyingine hata ujira wake hapewi. Sisi twasema hapana, tusemezane kweli.

Tuanze na bei, maana ndiko uongo unakoanzia. Gari la namna hii likiwa jipya hununuliwa na tajiri. Likizeeka bei yake huanguka hata ikakaribia ile ya Toyota ndogo, na hapo ndipo mtu wa mshahara wa kawaida, au kikundi cha kuweka na kukopeshana kinachotaka gari la kukodisha arusini, huona kwamba mlango wa utukufu umefunguka. Lakini bei ya vipuri haikuanguka pamoja na gari. Pampu yake ya maji ingali pampu ya gari la tajiri. Muuzaji halisemi jambo hili, na mnunuzi haliulizi.

Miaka ya 1960 watu waliwapachika wakubwa waliopenda Mercedes-Benz jina la Wabenzi. Siku hizi Mbenzi aweza kuwa mwalimu au mwenye kibanda cha simu, nasi hatumwonei kijicho. Mtu na apande gari analolipenda. Tunachokataa ni kujidanganya.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana na mafundi wa nchi nyingi: BMW ya mfululizo wa 5 iliyoundwa kuanzia 1995 hadi 2003, ambayo wenyewe huiita E39. Mwaka 2000 ilianza kutiwa injini ya silinda sita iitwayo M54. Ni injini njema, laini, yenye nguvu, hatuitukani. Bloku lake na hedi yake vyote ni vya alumini, ili iwe nyepesi. Lakini vitu vingi vinavyoyashika na kuyapitisha maji yake ni vya plastiki: tenki la maji la pembeni, vichwa vya rejeta, kifuniko cha themostati, viungo vya mipira. Plastiki hiyo hupashwa moto na kupoa kila siku, mwaka baada ya mwaka. Hukauka, hugeuka rangi, ikawa kama ganda la yai. Gari laweza kung'aa nje kama sarafu mpya, na ndani ya boneti tenki lake linangoja siku tu. Baadhi ya pampu za injini za namna hiyo zilikuwa hata na mapanga ya plastiki. Mapanga yakivunjika, mhimili wazunguka bure na maji yamesimama kimya.

Ubaya zaidi ni mshale wa joto. Katika gari hilo mshale umepangwa usimtie mwenyewe hofu. Maji yawe na joto la digrii 80 au yapite 100, wenyewe wabaki palepale katikati, umetulia kama karani mwenye stempu yake. Ukianza kuinuka, mambo yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo mtu asemaye, "Mshale ulikuwa katikati, fundi ndiye aliyeniharibia," husema kweli nusu tu.

Na kwa nini tenki likipasuka injini huungua upesi hivyo? Mfuniko wa maji ya gari si kizibo cha chupa. Kazi yake ni kuzuia mvuke ili maji yashinikizwe. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 hapa pwani, na Nairobi, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600, huchemka kwa digrii 95 hivi. Lakini yakishinikizwa baa moja zaidi ya hewa ya nje, hayachemki mpaka karibu digrii 120. Injini hii imeundwa ifanye kazi katika nafasi hiyo ya katikati. Basi ufa mwembamba kama unywele ukitokea kwenye mshono wa tenki, shinikizo latoka, maji yachemka papo hapo, na mvuke hauwezi kubeba joto kama maji yanavyobeba. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yapinda, gasketi yaachia, na mara nyingine boliti za hedi hung'oka pamoja na nyuzi zake katika bloku. Hapo gharama ya kutengeneza yaweza kuipita bei ya gari zima. Dakika chache za kusema "nifike tu pale kituoni" hutosha kabisa.

Sasa tuje kwa dawa zetu za mitaani. Ya kwanza ni kung'oa themostati, ati nchi yetu ni ya joto, kifaa hiki ni cha Wazungu wenye baridi. Twasema hili ni kosa, na hapa hatuwaachi hata mafundi. Themostati haijali baridi ya nje. Huangalia joto la injini. Ikitolewa, injini hukaa baridi mno safarini, kompyuta hudhani ndiyo kwanza imewashwa, humwaga petroli zaidi, na oili haipati moto wa kuondoa unyevu. Katika injini nyingine, kuitoa huacha wazi njia ya pembeni, maji yakazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari likachemsha kuliko awali. Gari lililotolewa themostati halikutibiwa. Limezibwa mdomo tu.

Dawa ya pili ni maji ya bomba, au ya kisima, ambayo pwani mara nyingi yana chumvi. Chumvi hula alumini polepole, na chokaa huziba mirija ya rejeta. Kulanti si maji yaliyotiwa rangi ili fundi apate cha juu. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini hupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Na tukiwa hapo, twawasihi wenye magari: msiiweke kulanti katika chupa za soda. Ina sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto hatajua.

Ushauri wetu kwa vikundi vinavyotuuliza ni mfupi. Kabla gari halijapakwa nta wala kufungwa maua, badilisheni kwa pamoja tenki na mfuniko wake, pampu ya maji, themostati, mipira na mkanda. Na rejeta pia, ikiwa ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Kisha fundi aitoe hewa yote katika mfumo, kazi inayotaka subira, wala msimkimbize. Fedha hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya kununua. Ikiwa haipatikani, basi gari hilo hamkuliweza, na Toyota ndogo haina aibu. Kuna watakaosema twawakatisha tamaa wanyonge wasionje vitu vizuri. Sisi twaona anayewakatisha tamaa ni yule anayewauzia na kunyamaza.

Tulikuwa mlima Kitonga, njia ya Iringa, siku moja ya arusi. Kando ya barabara palikuwa na gari kubwa jeusi, utepe mweupe juu ya boneti, mvuke ukitoka pande zote. Kijana mwenye gari alikuwa amezungusha kitambaa mkononi, akitaka kuufungua mfuniko. Tulimpigia kelele akaacha. Maji yale yangemrukia usoni yakambabua. Akatusalimu, "Shikamooni wazee," kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. Nyuma ya gari akina mama wanne walikaa juu ya jiwe na masufuria yao ya zawadi yaliyofungwa kwa karatasi.

Tulimweleza kwamba mara ile mshale ulipoanza kuinuka ingemfaa azime kipoza hewa, afungulie kipasha joto cha ndani hadi mwisho ili kichukue joto la injini, kisha asimame na kuzima. Alikuwa amepanda nao kona tatu, kwani watu walichelewa.

Tulingoja saa nzima. Mfuniko ulipofunguliwa tenki lilikuwa tupu, limepasuka kwenye mshono, na buti lilikuwa na madumu matatu ya maji ya bomba. Kijana akashika simu, akampigia fundi wake, akamtukana mbele ya akina mama wale mpaka mmoja wao akamwambia, "Mwanangu, inatosha."

Hasira ilipomwishia akatueleza mwenyewe. Majuma mawili nyuma fundi alimwonyesha doa jeupe la maji yaliyokauka ubavuni mwa tenki, akamtajia bei ya jipya. Naye akajibu kwamba msimu wa arusi upite kwanza. Gari lilipakiwa juu ya lori likarudishwa chini, na akina mama wakapata nafasi katika basi la saa kumi.