Mapovu Hayaoteshi Mizizi: Madai Manane Kuhusu Ndoo ya Vipandikizi

Ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, pampu ndogo ya hewa kama ile ya tangi la samaki, kimpira, kijiwe chenye vitundu na vipande vya sponji vya kushikilia mashina: hivyo ndivyo vifaa vyote vya ndoo ya mapovu, chombo ambacho mtu anaweza kujitengenezea nyumbani ili kuotesha vipandikizi. Pampu inasukuma hewa, kijiwe kinaigawa kuwa mapovu, nayo mapovu yanapasuka chini ya mashina na kuyalowesha muda wote.

Chombo chenyewe hakina ubaya. Tatizo ni sifa kinazobebeshwa. Wanaokipigia debe wanakipa kazi ya homoni, ya mbolea na ya dawa kwa pamoja. Wanaokibeza wanasema ni mchezo wa watoto. Haya ndiyo madai yanayosikika zaidi kutoka pande zote mbili, pamoja na majibu yake.

Dai la 1: Mapovu ndiyo yanayotoa mizizi

Mizizi inatolewa na shina. Shina likikatwa, baadhi ya seli zilizo karibu na mirija ya kusafirishia chakula hubadili kazi, zikaanza kugawanyika na kuunda vianzio vya mizizi. Kazi hiyo inahitaji nguvu, na ili seli zipate nguvu lazima zipumue. Hapo ndipo hewa inapohitajika.

Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yaliyoshiba hewa, yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, ina miligramu 8 na kidogo tu. Tena oksijeni husambaa ndani ya maji polepole sana, karibu mara elfu kumi chini ya inavyosambaa hewani. Kwa hiyo maji yaliyotulia yanayogusa shina huishiwa oksijeni mapema, hata kama maji ya juu bado yanayo. Mapovu huchafua uso wa maji ili oksijeni iingie, na huyazungusha ili ifike kwenye jeraha la shina.

Basi mapovu huondoa kizuizi, hayatoi amri. Ni kama kufungua dirisha la jiko lenye moshi: mpishi anapumua vizuri, lakini dirisha haliivishi wali. Ndiyo maana pampu kubwa zaidi haileti mizizi zaidi. Maji yakishashiba hewa yameshiba, na anayebadilisha maji ya glasi yake kila siku anapata sehemu ya faida hiyohiyo bila pampu.

Dai la 2: Mmea wowote utaota humo

Ushahidi unaotolewa karibu kila mara ni wa mnanaa, mrehani au matembele. Hii ni mimea inayoota hata ukiisahau kwenye glasi dirishani. Marando ya viazi vitamu hubeba vianzio vya mizizi kwenye vifundo kabla hata hayajakatwa. Kuota kwake kunathibitisha ukarimu wa mmea. Kuhusu ndoo hakuthibitishi lolote.

Upande wa pili wako wagumu. Tawi la mwembe au mparachichi unaozaa huota mizizi kwa shida sana, na ndiyo sababu wauza miche huotesha mbegu kwanza, kisha wakabebesha juu yake tawi la aina wanayoitaka. Mnazi una ncha moja tu ya kukulia, huko juu kileleni. Ukiikata umeua mti, na kipande ulichokata hakitakuwa mche. Mgomba nao hupandwa kwa machipukizi yake. Hakuna pampu inayobadilisha maumbile haya.

Katikati wapo waridi, bogenvilia, rozimari na wenzao, ambao ndoo inaweza kuwasaidia kweli. Hata hapo tawi lina neno lake. Tawi changa la mmea mchanga huota upesi kuliko tawi la mti mzee wa aina ileile. Lililobeba maua linapeleka chakula kwenye maua. Na linapokatwa chini kidogo ya kifundo huwa na nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mimea mingi hutoa mizizi kwa wepesi hapo.

Dai la 3: Siku tatu tu na mizizi ipo

Kwa matembele yenye vianzio tayari, siku chache zinatosha. Kwa waridi, seli hazina budi kwanza kuacha kazi ya zamani, zigawanyike, ziunde mzizi, kisha mzizi utoboe gome. Hizo ni wiki kadhaa, ndoo au bila ndoo.

Ahadi ya siku tatu ina madhara yake. Mtu anapoona shina tupu siku ya tano, anaanza kulitoa na kulikagua, anaongeza mbolea, anabadilisha hiki na kile, mwisho analitupa. Mbolea hasa haina kazi wakati huo. Shina lisilo na mizizi huifyonza kwa shida, na chumvi zake hulisha mwani. Isubiri mizizi.

Dai la 4: Ongeza asali, alovera au maji ya dafu, ndiyo homoni ya asili

Homoni inayochochea mizizi ni ya kundi la auksini. Mwaka 1935, Zimmerman na Wilcoxon wa Boyce Thompson Institute, Marekani, waliripoti nguvu ya asidi ya indolibutiriki, ile inayoandikwa IBA kwenye pakiti, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika unga na maji ya kuotesha mizizi. Asali inasifiwa kwa sababu huzuia vijidudu, na ni kweli huvizuia ikiwa nzito. Ikiyeyushwa kwenye lita kadhaa za maji, nguvu hiyo inapotea na inabaki sukari. Ute wa alovera nao ukiingia katika maji yale unabaki kuwa chakula cha bakteria.

Dafu lina historia ya kuvutia zaidi. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake waliripoti kwamba maji ya nazi yaliwezesha viinitete vichanga sana vya mmea wa Datura kukua ndani ya chupa. Baadaye ilijulikana kuwa maji hayo yana homoni za kundi la saitokinini. Kisha mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wakaonyesha, kwa kutumia tishu za tumbaku, kwamba uwiano ndio unaoamua: auksini ikizidi hutokea mizizi, saitokinini ikizidi hutokea machipukizi ya majani. Sifa ya dafu katika maabara ni ya haki, ila ni sifa ya kazi nyingine. Ndani ya ndoo yenye joto na hewa, sukari yake itazaa bakteria, utelezi na povu litakalofurika mfunikoni. Dafu linyweni.

Anayetaka homoni anunue IBA kwenye duka la pembejeo, akijua kwamba unga unaopakwa kwenye shina utaoshwa na mapovu mara moja. Unga unafaa kwa kipandikizi kinachokwenda mchangani. Kwa ndoo, shina lichovywe kwanza kwenye homoni ya maji, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Dai la 5: Maji yoyote, mahali popote

Hili ndilo linaloharibu ndoo nyingi za pwani. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina maji ya chumvi, na chumvi hulifanya shina lishindwe kuvuta maji ingawa limezama ndani yake. Maji ya mvua yanafaa zaidi. Maji ya bomba pia yanafaa. Klorini yake ni kidogo, na mapovu yenyewe huiondoa baada ya muda.

Joto ni adui mkubwa zaidi. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika takriban 7.5. Wakati huohuo shina lililo kwenye joto hupumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka. Vimelea vya jamii ya Pythium, vinavyoozesha mashina na mizizi, hustawi katika hali hiyo. Mimea mingi ya nyumbani huota vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 20 na 25. Mtu wa Lushoto au Limuru hana haja ya kuhangaika na hilo. Mtu wa Tanga mwezi Februari hana budi: ndoo ikae sakafuni kivulini, maji yabadilishwe mara kwa mara, na pampu iwekwe penye ubaridi, maana hewa ya chumba inakowekwa ndiyo inayosukumwa majini.

Mwanga nao usisahauliwe. Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, na penye mwanga mwani huota. Izungushie karatasi ya aluminiamu au kitambaa kizito.

Dai la 6: Mizizi ya majini ni dhaifu, ukiihamishia udongoni inakufa

Hili ni dai la wanaobeza, na nusu yake ni kweli. Mizizi iliyokulia majini huwa na vinyweleo vichache, na vinyweleo ndivyo vinavyoipa eneo kubwa la kufyonzea maji ya udongoni. Mche ukitolewa ndooni na kutupwa kwenye udongo mkavu juani, utanyauka.

Nusu ya pili si kweli. Mizizi mipya inayotokea udongoni huwa ya udongoni, na kinachotakiwa ni mche kufika hapo ukiwa hai. Hamisha mizizi ikiwa na urefu wa sentimita 2 hadi 5, kabla haijasokotana. Tumia mchanganyiko mwepesi wa mchanga na mboji, uwe na unyevu, kisha uache mche kivulini mpaka utoe jani jipya. Wengi wanaopoteza miche wamesubiri mizizi ijae ndoo kwa sababu inapendeza machoni.

Dai la 7: Mche wa ndoo ni safi, hauna ugonjwa

Kipandikizi ni nakala ya mama yake, pamoja na maradhi ya mama yake. Afrika Mashariki ina funzo kubwa la jambo hili katika muhogo. Mwaka 1936, Storey, mtafiti wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Virusi vyake husafiri ndani ya pingili, na mara nyingi dalili za majani ni hafifu kiasi kwamba mkulima hujua habari siku anayochimba na kukuta mihogo imeoza. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, nayo husafiri vivyo hivyo. Kuosha nje hakuondoi kirusi kilicho ndani.

Ndoo inaongeza hatari ya pili: vipandikizi vyote vinaoga maji mamoja. Shina moja likianza kuoza, yaliyobaki yanapokea vimelea vyake. Linaloteleza au kunuka litolewe siku hiyohiyo, ndoo ioshwe na maji yabadilishwe.

Dai la 8: Wataalamu hutumia mapovu, bila umeme huwezi

Umeme wenyewe si hoja kubwa. Pampu ya wati 4 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 hula yuniti 2.88. Umeme ukikatika kwa saa chache, vipandikizi havifi, kwani maji bado yana hewa. La kuangalia ni kuiweka pampu juu ya usawa wa maji, la sivyo maji yatarudi kupitia kimpira na kuiharibu.

Lakini tazama wanaofanya kazi hii kwa maelfu. Chai ya Kericho huzalishwa kwa kipande kifupi cha shina chenye jani moja, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa udongo, chini ya kivuli. Mashamba ya Kenya na Uganda hupeleka Ulaya vipandikizi vya maua visivyo na mzizi hata mmoja, vikaoteshwe huko. Na mwaka 1990 Roger Leakey na wenzake walichapisha maelezo ya kisanduku cha kuoteshea miti ya tropiki: fremu ya mbao, plastiki inayopitisha mwanga, mawe, kokoto na mchanga juu ya maji kidogo. Hakina pampu wala waya. Kinachofanya ni kuzuia majani yasikauke, kazi ambayo ndoo ya mapovu haifanyi kabisa.

Basi ndoo itupwe?

Hapana. Ndoo inamfaa anayeishi ghorofani bila udongo, anayetaka miche mingi kwenye eneo dogo, au anayependa kuona mizizi bila kufukua. Inafaa kwa mimea ya katikati, ile ambayo si rahisi kama mnanaa wala migumu kama mwembe. Kipandikizi kisipoota, uliza kwanza ni mmea gani, ni tawi gani, maji yana joto kiasi gani na yametoka wapi. Pampu iwe swali la tano.

Anayetaka kumaliza ubishi akate matawi ya mmea mmoja siku moja, nusu ayatie ndooni, nusu ayachomeke kwenye mchanga wenye unyevu uliofunikwa kwa plastiki. Mchanga ukishinda, hakuna sababu ya kuwasha pampu. Ndoo ikishinda, amepata jibu la mmea huo, kwa maji hayo, katika nyumba hiyo. Anayedai zaidi ya hapo alete ushahidi wake.