Usingizi wa Mtoto si Siri ya Nyumba

Katika mambo yamhusuyo mtoto mdogo, ni machache ambayo mama hutakiwa kuyanyamazia kama usingizi. Mtoto akishikwa na homa, majirani humhimiza mama aende hospitali kabla jua halijachwa. Akiharisha, habari zake huelezwa hadharani wala hapana aonaye haya. Lakini mtoto akikesha usiku wa kumi, analia na kushtuka, na mama akasema kuwa ataka kumwuliza mwuguzi au daktari, huchekwa. Huambiwa kuwa bibi zake walilea watoto kumi bila ya kumwuliza mtu. Huambiwa kuwa uzungu umemwingia, au kwamba uvivu ndio umsumbuao. Kejeli hii hupita kwa jina la mila. Haistahili jina hilo.

Haistahili kwa kuwa mila yenyewe haikumwacha mama peke yake. Katika miji ya pwani mzazi alikaa arubaini ndani, akakandwa na kutunzwa. Mtoto alipokewa na bibi, shangazi na mkunga, na kilio cha usiku kilikuwa na mikono mingi ya kukituliza. Nyimbo za kubembelezea watoto zilikuwa elimu iliyofunzwa, mkubwa akimrithisha mdogo. Asemaye kuwa mabibi hawakuuliza amesahau kuwa aliyestahili kuulizwa alikuwa chumba cha pili. Leo mama aliyepanga chumba mjini, ambaye mumewe hufanya kazi usiku na mama yake mzazi yuko mbali safari ya siku mbili, hukatazwa kuuliza kwa hoja ya watu ambao hawakukosa wa kuwauliza. Huko si kuhifadhi mila, bali ni kuchukua mzigo wa watu wengi na kumtwika mmoja.

Tena kejeli hiyo ina hatari. Mtoto akoromaye husifiwa kuwa amelala usingizi wa pono. Pengine sifa hiyo ni kosa. Mtoto akoromaye kila usiku, ambaye pumzi yake hukatika kisha ikarudi kwa kishindo, huenda ana mafindofindo au nyama za puani zilizovimba na kuziba njia ya hewa. Mtoto wa namna hii hulala saa nyingi asipate pumziko. Mchana huonekana mtukutu, au mzito wa kujifunza, akaadhibiwa kwa kosa la koo lake. Upungufu wa madini ya chuma nao waweza kumhangaisha mtoto miguu usiku kucha. Mambo haya hayatambuliki kwa kejeli wala kwa subira; hutambulika kwa kuchunguzwa. Wahenga waliosema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua hawakuutoa usingizi katika hesabu hiyo.

Walakini jambo linyamazishwalo halikosi wachuuzi. Katika mwaka 1849 ilianza kuuzwa Marekani dawa ya maji iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya kutuliza watoto waliao. Watoto walitulia kweli, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mofini; na wengine hawakuamka. Miaka mingi ilipita hata Chama cha Madaktari cha Marekani, mwaka 1911, kikaihesabu miongoni mwa dawa zinazoua watoto. Waliinunua kina mama waliochoka, ambao hawakuwa na mtu wa kumwuliza ila tangazo. Leo mofini haiuzwi hivyo, lakini mama angali akiuziwa utulivu. Katika Marekani na Uingereza wako watu wajiitao washauri wa usingizi wa watoto, ambao hutoza fedha nyingi, na sheria haidai leseni kwa mtu anayejipa jina hilo. Baadhi yao wana elimu. Wengine wana jina tu. Na mama hana kipimo cha kuwatenga. Mwenye kucheka na mwenye kuuza wameshirikiana kosa moja: wote wawili hulihesabu jambo hili kuwa la faragha, ambalo umma hauna dhima juu yake.

Yaweza kujibiwa kuwa wataalamu nao hukosea. Ni kweli. Benjamin Spock, daktari wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1946 kilisomwa na mamilioni ya wazazi, alishauri katika chapa za baadaye kuwa mtoto alazwe kifudifudi. Ushauri huo ulikuwa mbaya. Madaktari walipohesabu vifo vya ghafla vya watoto usingizini, waliona kuwa walazwao kifudifudi hufa zaidi. Uingereza ilitangaza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, kuwa mtoto alazwe chali. Na katika Uingereza vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Basi ubora wa elimu ya umma si kutokosea, bali ni kwamba kosa lake huhesabiwa, hutangazwa na kusahihishwa. Kosa la mchuuzi hubaki ndani ya nyumba lilimotokea.

Tena yaweza kudaiwa kuwa msaada wa namna hii humharibu mtoto au humtenga na mama yake. Katika mji wa Melbourne, Australia, wauguzi wa kliniki za mama na mtoto walifunzwa kuwasaidia wazazi ambao watoto wao walikuwa na taabu ya usingizi katika umri wa miezi 7. Watoto walipofika miaka 2, mama waliosaidiwa walikuwa na dalili chache zaidi za unyong'onyevu wa moyo kuliko wasiosaidiwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012, juu ya watoto 225 waliokuwa wamefika miaka 6, hayakuonyesha madhara katika tabia zao wala katika mapenzi baina yao na wazazi. Wala kuuliza si kumhamisha mtoto chumba: madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi, penye kitanda chake, kwa muda usiopungua miezi 6.

Kwa hiyo mahali pa shauri hili ni kliniki, ambako mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa mtoto wa miezi 4 hadi 11 ahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na wa miaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, pamoja na usingizi wa mchana. Yafaa mwuguzi afunzwe kuuliza: mtoto hulala saa ngapi? Hulazwaje? Hukoroma? Na mama mwenyewe, hulala? Maswali manne hayahitaji mashine wala jengo jipya. Yahitaji mwuguzi aliyefunzwa kuuliza, na majirani watakaoacha kumcheka mama ajibuye.