Barbara hashikilii udongo

Wadau, leo 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini. Mimi Mkatoliki, namwomba. Ila nakereka duara likiporomoka halafu mtu anasema "mapenzi ya Mungu". Kwani Mungu ndiye aliyegoma kuweka matimba?

Nyangalata, Kahama, 2015: watu watano waliokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakila mende, vyura na mizizi. Sawa, muujiza. Lakini muujiza si mpango wa usalama!

Tena Barbara, kwa mapokeo, aliuawa na baba yake mzazi, yule aliyepaswa kumlinda. Wenye maduara, mnajiona hapo? Mshumaa washeni, ila magogo kwanza.

Nimemaliza. Karibuni mnibishie.