FIGO ZIKISHTUKA (Sehemu ya 6): Kabla hujauza korosho kwenda kupiga picha Dar

Mama zangu wa Chidya, Masasi na Newala, tangu niandike kuhusu figo kufeli ghafla, meseji nyingi zinauliza kitu kimoja: "Nesi, eti kuna picha ya nyuklia inaonyesha kama figo zimepona. Tumpeleke mtoto Dar?"

Kwa wengi wenu jibu langu ni hapana. Kipimo chenyewe ni kizuri sana, ila kinajibu swali ambalo wengi wenu hamna.

Kinaitwa renografia. Mtoto anachomwa kwenye mshipa dawa yenye mionzi kidogo, analala kwenye kamera maalumu kama nusu saa, na kamera inaifuata dawa ikiingia kwenye figo, ikichujwa, ikishuka kibofuni. Hapo mtaalamu anaona figo ya kushoto inafanya kazi kiasi gani na ya kulia kiasi gani. Kipimo cha damu cha kreatinini hakiwezi hilo, chenyewe kinasoma figo zote mbili kwa pamoja. Moja ikiziba, nyingine ikajikaza, damu inaweza kusoma vizuri tu.

Dawa inayotumika sana, teknetiamu-99m, nguvu yake inapungua nusu kila baada ya saa 6. Huwezi kuiweka kwenye friji la zahanati kama chanjo. Ndiyo maana tiba ya nyuklia utaikuta sehemu kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza.

Sasa fikiria. Mwanao figo zilishtuka kwa malaria kali, au aliharisha mpaka akakauka. Wewe mzazi mwenzangu ulitoka damu nyingi wakati wa kujifungua. Vitu hivi vinapiga figo zote mbili kwa mpigo. Kujua ya kushoto inaishindaje ya kulia hakutabadilisha dawa hata moja. Utakuwa umemaliza hela ya mnada, siku nzima kwenye basi kwenda, siku nzima kurudi, na kreatinini ya kurudia bado hujapima!

Na hapa ndipo ninapokereka. Mtoto akiruhusiwa, anakula, anacheza, basi. Kadi inawekwa chini ya godoro. Mwongozo wa kimataifa wa figo wa mwaka 2012 unataka mtu apimwe tena miezi 3 baadaye, kuona kama amepona, au tatizo limebaki na linaenda kuwa la kudumu. Wangapi wanarudi? Kosa si la mama peke yake. Kadi nyingi zinaandikwa "arudi akizidiwa", wakati figo inaweza kuharibika miaka bila kuuma. Kwa maoni yangu kila kadi ya kuruhusiwa iandikwe namba ya kreatinini na tarehe ya kurudi. Haipo? Omba uandikiwe, usione aibu. Hiyo namba ni muhimu, maana mtoto mwembamba anaweza kusoma "kawaida" kumbe kwake yeye bado iko juu. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Pamoja na damu, apimwe mkojo kama una protini, presha, na uzito.

Nyumbani angalia mkojo. Mtoto wa kilo 10 akitoa chini ya mililita 120 kwa siku nzima, yaani kama nusu kikombe cha chai, usingoje kesho. Uso ukivimba asubuhi, vivyo hivyo. Ila kukojoa sana nako si ushahidi wa kupona: figo zikianza kurudi zinaweza kumwaga maji mengi kabla hazijajua kuchuja vizuri. Huku kwetu juu ambako ndoo ya maji ina bei, mtoto huyo ndiye wa kwanza kupewa maji ya kunywa. Na diklofenaki, ibuprofeni na mitishamba ya "kusafisha figo", hapana kabisa.

Picha ya nyuklia ina watu wake. Utrasaundi imeonyesha figo moja imevimba au ni ndogo, mtoto anarudiarudia UTI yenye homa, au daktari anashuku njia ya mkojo imeziba. Hapo ukipewa rufaa, nenda, hata kama ni kwa kukopa. Kama mgonjwa ni wewe na unanyonyesha au una mimba, waambie kabla hujachomwa sindano, wakupangie kuhusu kunyonyesha.